Mistari Mitupu ya Karani Zahoro

Mficha uchi hazai. Wapo wanaoisikia methali hii wakainamisha nyuso, wakadhani mzee aliyeitunga alikuwa hana adabu. Si matusi hata kidogo. Ni neno la wakunga. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akimwonea haya mkunga, akabana nguo na kufumba magoti, mtoto hatoki, na mama mwenyewe huwa kaburini mguu mmoja. Ndivyo alivyo na mwenye kosa. Akilifunika, hatokei wa kumsaidia kulitoa. Boga Chome aliijua methali hii tangu utoto wake, tena aliweza kuieleza vizuri kuliko walimu. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuvuliwa nguo nayo ni jambo jingine.

Ulikuwa mwaka wa tano wa uhuru. Watu wa pwani ya kusini, toka Msambweni hata Diani, walikuwa wamekwisha kuishangilia bendera wakarudi makwao kungojea mashamba ya babu zao yaandikwe kwa majina yao. Wakangoja. Waliokuja kwanza walikuwa watu wenye kamba za kupimia na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Enzi za mkoloni, mwenye karatasi alisikilizwa ameketi kitini; asiye na karatasi alisikilizwa amesimama juani, na mara nyingi hakusikilizwa kabisa. Bendera ilipobadilika, kiti hakikubadilika. Wengine wamesahau hayo. Wanaosahau ni wale waliokalia kiti.

Mara hii, hata hivyo, wanyonge nao walikuwa na karatasi. Mwaka mmoja kabla ya uhuru, wazee wa vijiji walifanya jambo la akili: walimwita karani Zahoro, mtu wa Shimoni mwenye hati nzuri kama shanga zilizotungwa, wakamkalisha katika baraza ya nyumba iliyopakana na msikiti wa Gazi. Kwa siku ishirini aliandika maneno ya kila mwenye shamba aliyekuja: amelipata kwa nani, limepakana na nini, na mashahidi wake ni miti gani na makaburi gani. Zahoro alifariki mwaka uliofuata, lakini buku lake lilipigwa taipu mstari kwa mstari, kama alivyoliacha, likawa kurasa mia tatu na kumi.

Kamati ya Mipaka, iliyowekwa Kwale kuamua mashauri ya mashamba, ilikubali kulipokea buku hilo kwa sharti moja. Kila shahidi alitakiwa awe na karatasi yake mwenyewe, yenye maneno yake peke yake. Karatasi itakayokutwa na neno la mtu mwingine itatupwa.

Kazi ya kuyachambua maneno hayo alipewa Boga. Alikuwa kijana wa Mwabungo aliyekaa darasani miaka mitatu tu. Kusoma alikumalizia kwenye magunia ya sukari na magazeti ya kufungia mikate, na taipu alijifunza kwa kuchungulia dirishani mwa ofisi ya mfanyabiashara mmoja, akivipiga vidole vyake juu ya ubao kama mtu anayecheza ngoma isiyo na sauti. Waliosoma walimcheka. Kicheko kile kilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa hiyo alipopewa kazi hii aliikazia macho. Alizisoma kurasa za mwanzo za buku akaona mpango wake. Kila shahidi alianza kwa neno SHAHIDI. Maneno yake yalipokwisha, Zahoro aliacha mstari mmoja mtupu. Baada ya hapo yalikuja mambo ya kikao: nani amefika, nani amegombana na nani, nani ameleta maji. Kila kikao kipya kilifunguliwa kwa Bismillahi na tarehe. Boga akatunga kanuni, akaipiga taipu, akaibandika ukutani mwa ofisi yao ya Msambweni, ambayo zamani ilikuwa bohari la mbata na hata sasa ilinuka nazi kavu:

*Tafuta mstari unaoanza na neno SHAHIDI. Weka karatasi mpya, unakili kuanzia hapo, neno kwa neno. Ukifika mstari mtupu, simama: maneno yake yamekwisha. Penye Bismillahi pana mambo ya kikao, usinakili. Ruka mpaka uone SHAHIDI tena.*

Wapiga taipu wanne waliifuata kanuni hiyo kwa siku tisa. Karatasi mia mbili na kumi na nne zilitoka, zikapigwa mihuri. Buku lenyewe likapelekwa Kwale, likafungiwa katika kasha la kamati, na ufunguo akawa nao mwenyekiti, Bwana Abdulkadir, mtu mkavu asiyesifu ovyo. Siku ile alisifu. "Kijana huyu hakusoma," aliwaambia wenziwe, "lakini kichwa chake ni saa." Boga akaibeba sifa ile kama bwana harusi anavyokwenda na kanzu yake mpya, akiogopa kuikanyaga.

Jumamosi asubuhi, Bi Mwanarusi binti Kaingu, mkunga wa Mwabungo, alishuka kwenye lori la korosho mbele ya ofisi. Shauri lake lilikuwa Alhamisi.

"Shikamoo bibi," alisema Boga akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu wa shati jeupe. Nilipokupokea ulikuwa kama dagaa."

Nyuma ya mashine yake, Katana, mpiga taipu mwenye maneno mengi kuliko kazi, alicheka mpaka akakosea herufi.

"Nisomee maneno yangu," alisema bibi akiketi. "Nataka niyasikie kabla hawajayasikia wao."

Boga akaitoa karatasi, akasoma kwa sauti ya karani. "Shahidi wa mia na kumi na mbili. Mimi ni Mwanarusi binti Kaingu, wa Mwabungo. Shamba langu lilifyekwa na babu yangu mzaa baba. Upande wa kusini limepakana na kisima cha mawe. Upande wa magharibi limepakana na njia ya Ukunda. Upande wa kaskazini limepakana na mikorosho ya kina Mbeyu. Upande wa mashariki, kuelekea baharini, nitaueleza kwa urefu."

Akaishusha karatasi.

"Endelea," alisema bibi.

"Imekwisha, bibi."

"Imekwisha vipi, nami bado nasema?"

Boga aliigeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu. Alijua vizuri upande wa mashariki ulikuwa na maana gani. Huko ndiko kampuni moja ya kujenga nyumba za wageni ilikosimika vigingi vyake, ikidai kwamba toka mikorosho hadi mchangani ni pori lisilo na mwenyewe.

"Mashariki ndiko nilikowazika watoto," alisema Bi Mwanarusi polepole. "Wale waliotoka hawapumui. Kila mmoja nilimwekea jiwe la matumbawe kichwani. Nilimtajia Zahoro wote, mmoja mmoja, na wazazi wao. Ndio mpaka wangu, Boga. Porini hakuzikwi watoto."

Boga alimgeukia Katana. Karatasi ile alikuwa ameipiga yeye. "Umechoka ukakata maneno ya watu?"

"Mimi?" Katana aliondoa vidole kwenye mashine. "Mimi nilifuata ukuta wako ule. Uliandika simama, nikasimama. Ungeandika cheza, ungenikuta nacheza."

Jawabu lile lilimwingia Boga kama maji ya chumvi jichoni. Akatafuta katika droo, akatoa kurasa kumi za kaboni zilizobaki kutoka kwenye buku, akaijaribu kanuni yake juu ya kurasa hizo hatua kwa hatua, mbele ya bibi. Shahidi, maneno, mstari mtupu, simama. Shahidi, maneno, mstari mtupu, simama. Ilikwenda barabara, haikukwama mahali.

"Waona, bibi. Kanuni haina kosa. Labda siku ile ulisahau."

"Mimi nisahau?" Hakupandisha sauti. "Nitasahau nini, mwanangu, kati ya wale?"

Boga aliona haya, na haya ikamtia katika jambo baya zaidi. Akavuta karatasi mpya. "Basi nitajie sasa hivi, nami nitaongeza. Muhuri upo. Nani atajua?"

Bi Mwanarusi aliinuka akajifunga leso yake. "Uandike leo, useme ni ya wakati ule? Hiyo ndiyo kazi yao wale wenye vigingi. Nikiifanya na mimi, nitakuwa nawadai nini?" Akatoka kwenda kungojea lori.

Angeweza kufanya jambo moja rahisi: kwenda Kwale, kuomba buku lifunguliwe, kuutazama ukurasa wenyewe. Lakini Bwana Abdulkadir angeuliza kwa nini. Naye angejibu nini? Kwamba saa imesimama? Boga alikiona kile kicheko cha waliosoma kikirudi, kikiingia mlangoni na kuketi. Akaifungia karatasi ndani ya droo, akajiambia kwamba mzee ni mzee, husahau.

Jumatatu ikaja na shauri la Kavumbi, mkulima wa Gazi. Boga aliketi pembeni ya kamati kwenye kiti cha karani. Karatasi ya Kavumbi ilisomwa, nayo ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Ilitaja baba yake, ikataja nyumba, ikakoma.

"Hukutaja minazi wala aliyeipanda," alisema Bwana Abdulkadir.

"Niliitaja, bwana. Minazi thelathini na sita. Nilitaja hata ule uliopigwa na radi."

"Karatasi haina."

"Basi karatasi haikusikia vizuri. Mimi nilisema."

Wajumbe wawili walicheka. Hakuna kichekesho kinachowafurahisha wakubwa kama maskini anayebishana na karatasi. Watu wawili sasa, wasiojuana, waliapa kwamba walisema zaidi ya kilichoandikwa. Neno moja tu lilitosha: ngojeni. Boga hakulisema. Kamati ikaamua kwamba sehemu ile ya minazi haina mwenyewe. Kavumbi alipopita karibu na kiti cha karani akiwa na kofia mkononi, aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Karani, hivi mimi ni mwongo?"

Boga aliutazama wino.

Jumanne hakuenda kazini. Alipanda baisikeli, akafuata njia ya kwenda Mwabungo, jua likimpiga mgongoni. Alimkuta Bi Mwanarusi uani, anamenya muhogo.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja kufanya nini?"

"Kukusalimu, bibi."

"Toka Msambweni, kwa baisikeli, siku ya kazi, kunisalimu." Akaendelea kumenya. "Nimesikia ya Kavumbi. Habari mbaya haipandi baisikeli, hufika mbele. Haya, keti. Sasa nikwambie kitu kuhusu mamako."

Boga akaketi juu ya kibao cha mbuzi.

"Wewe si kifungua mimba. Kabla yako alikuwako mwingine, mwanamume. Mamako alikuwa msichana mwenye haya, Mungu amrehemu. Uchungu ulimshika asubuhi, akaufunika. Akapika, akachota maji, akicheka na watu. Aliponiita, nilimwambia, mwanangu, fungua nguo nione mtoto amekaaje. Akabana. Alasiri nzima mimi nabembeleza, yeye amebana. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, Boga. Ningemwona mapema ningemgeuza. Mikono hii imewageuza wengi." Akaitazama mikono yake yenye utomvu wa muhogo. "Nilipoona, nilikuwa nimechelewa. Nenda mashariki mwa shamba langu, jiwe la nne toka mkorosho. Ulipokuja wewe, mamako alinishika mkono akasema, bibi, nitazame popote unapotaka. Ukatoka huku unalia kama umedhulumiwa urithi."

Akachukua muhogo mwingine.

"Nimekuuliza," alisema mkunga. "Umekuja kufanya nini?"

Ndipo Boga alipofungua. Alisema kanuni ni yake na kosa huenda ni lake. Alisema hakulisoma buku lote. Alisoma kurasa za mwanzo, akadhani zilizobaki zote ni ndugu zao. Alisema Jumatatu alijua, akanyamaza, kwa sababu alipendezwa kuitwa saa. Alisema hajui kosa liko wapi na hana tena pa kulitafuta. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho kama mtu aliyepakua gunia la chumvi.

"Sasa nimeona mtoto amekaaje," alisema bibi. "Uliza unachotaka."

"Siku ile ulipofika kwenye neno la mashariki, palitokea jambo lolote?"

Hakuhitaji kufikiri. "Adhuhuri iliadhiniwa. Nilisema, mashariki nitaueleza kwa urefu, Zahoro akaandika, na hapo hapo mwadhini akaanza. Zahoro alikuwa hivyo, adhana ikilia kalamu inakwenda chini. Wanaume wakaenda msikitini, sisi wanawake tukaswali uani. Aliporudi, niliona anapita juu ya karatasi kwa kidole. Nikamuuliza, mbona umeruka? Akasema, mstari huu ni wa Mwenyezi Mungu, mimi siuandiki. Kisha akasema Bismillahi kwa sauti, huku anaiandika, akaniambia, haya Bi Mwanarusi, mashariki."

Boga akalirudia neno lile. Mstari mtupu, halafu Bismillahi. Mtu gani wa pwani asiyejua kwamba Bismillahi ni mlango wa jambo jipya? Kwa hiyo Boga alipoikuta katika kurasa za mwanzo, aliwaagiza watu wake waruke. Hakuwaza kwamba mcha Mungu kama Zahoro, akitoka kuswali, angeanza upya hata katikati ya maneno ya mtu mmoja. Na zile kurasa kumi za kaboni zilizompa ushindi Jumamosi zilikuwa za asubuhi tupu. Hakuna adhana iliyolia ndani yake. Aliipima mashua yake mchangani akasema haivuji.

Siku ishirini, adhuhuri na alasiri. Watu kadiri ya arobaini, kosa lao likiwa kwamba zamu yao ilikutana na wakati wa sala.

Jumatano, kabla kamati haijaketi Kwale, Boga alisimama mahali pale pale wanaposimama wasio na karatasi, akaeleza yote, hata ile karatasi mpya aliyotaka kumwandikia bibi. Bwana Abdulkadir alimsikiliza bila kupepesa.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi nilishuku. Jumatatu nilijua."

"Na Jumatatu ulikuwa umeketi hapo."

"Niliona haya, bwana."

"Haya yako imeketi kwenye kiti cha Kavumbi," alisema mwenyekiti. "Ile sifa niliyokupa, leo naichukua. Kazi utabaki nayo, kwa sababu aliyejenga kuta zilizopinda ndiye anayejua zimepindia wapi." Akautoa ufunguo.

Kanuni mpya ilipigwa taipu ofisini mchana ule, buku likiwa wazi mezani:

*Ukifika mstari mtupu, usisimame. Tazama mstari unaofuata. Ukianza na Bismillahi yenye tarehe, ni kikao kipya, shahidi amemaliza. Ukianza na Bismillahi isiyo na tarehe, ni shahidi yule yule na karani wake wametoka kuswali, endelea kunakili. Ukianza na neno jingine lolote, amemaliza.*

Safari hii Boga hakuiamini kwa kuitazama tu. Aliijaribu kwanza kwa Bi Mwanarusi: maneno yakaja yote. Akaijaribu kwa Kavumbi: minazi ikaja, hata ule wa radi. Kisha akaijaribu kwa shahidi wa asubuhi ambaye karatasi yake haikuwa na kasoro, aone kama dawa haijamdhuru mzima. Haikumdhuru.

"Kanuni imetahiriwa," alisema Katana. "Naona sasa imekuwa mtu mzima."

Mpaka ofisi inafungwa walikuwa wamewapata watu thelathini na watatu waliokatwa maneno. Karatasi zao zikapigwa upya, na juu ya kila moja Boga akaandika kwa mkono wake kwamba ile ya kwanza ilikosewa, na aliyekosea ni yeye.

Alhamisi, karatasi ya shahidi wa mia na kumi na mbili ilisomwa mbele ya watu. Boga ndiye aliyesoma. Alipita kisima, akapita njia ya Ukunda, akapita mikorosho ya kina Mbeyu. Akafika mstari mtupu, akavuta pumzi.

"Bismillahi. Mashariki limepakana na watoto. Jiwe la kwanza ni binti wa Tumu. La pili na la tatu ni pacha wa Waridi wa Galu. La nne toka mkorosho ni mtoto wa Chome, mwanamume, hakuwahi kupewa jina..."

Sauti ya karani ilimtoka, ikabaki ya Boga. Alisoma mawe yote kumi na tisa. Mtu wa kampuni, aliyekuwa amekuja na ramani ndefu, aliikunja polepole akitazama chini. Kamati iliandika kwamba mpaka wa mashariki wa Mwanarusi binti Kaingu ni yale mawe, na vigingi vyekundu ving'olewe. Shauri la Kavumbi likafunguliwa tena wiki hiyo hiyo, naye akapewa shamba lake lote. Lakini minazi miwili ilikuwa imekwisha kuangushwa kupisha barabara, na mnazi hausimamishwi kwa muhuri. Boga alikwenda Gazi kumwomba radhi. Kavumbi alimkaribisha, akampa madafu, akasema amesamehe. Kisha akamkalisha juu ya gogo la mmoja wa ile minazi mpaka madafu yakaisha.

Kabla ya kurudi Msambweni, Boga alipitia Mwabungo. Alikwenda mashariki mwa shamba, akahesabu toka mkorosho, akachutama mbele ya jiwe la nne akiwa na shati lake jeupe, akaling'olea majani. Bi Mwanarusi alimwona kwa mbali, hakumwita. Wako wawili waliotoka tumbo moja, mmoja chini ya jiwe na mmoja juu yake, na kilichowatenga si nguvu wala bahati. Mficha uchi hazai.